Pai Iliyorudi Nzima

Siku Papa alipofariki, Kardinali Taddeo Roccalba alilia kanisani mpaka watu wakamwonea huruma. Kisha akarudi nyumbani, akanawa uso, akaagiza pai mbili za njiwa. Menica, mpishi wake, ndiye aliyezioka na ndiye aliyepokea vyombo vikirudi jikoni vyeupe, kwa hiyo yeye hakuna wa kumsimulia habari za majonzi yale. Mtu mwenye msiba wa kweli hamalizi pai mbili halafu akatuma mtu kuuliza kama imebaki ya tatu.

Menica alikuwa na mwaka wa kumi na nne katika jiko lile. Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa mtaa wa Trastevere, wa mikono mifupi yenye nguvu, na ulimi uliomfanya hata muuza samaki apunguze bei bila kuombwa. Alimdharau Kardinali kwa moyo wote, na alimpikia kwa moyo wote. Mambo hayo mawili hayakugombana ndani yake, na sababu ilikuwa mumewe.

Mume huyo aliitwa Nardo, mwashi, mtu wa milima ya Amatrice. Miaka mitano nyuma, Fabrizio, mpwa wa Kardinali, kijana asiye na kazi yoyote duniani ila kuvaa kofia, alipitisha farasi wake katikati ya jukwaa la waashi kwa kuwa aliona uvivu kuzunguka. Jukwaa likaanguka, fundi mmoja akavunjika mguu. Nardo akamshika Fabrizio kola, akamshusha chini. Hakumpiga. Alimshusha tu, kama unavyomshusha paka mezani. Hakimu akampa miaka kumi ya kupiga makasia kwenye merikebu za Papa kule bandari ya Civitavecchia, mguuni mnyororo.

Menica alimpigia magoti bwana wake. Kardinali akamwinua kwa upole mwingi, maana upole haukumgharimu kitu.

"Menica, mwanangu," akamwambia, "mpwa wangu ni mpumbavu, hilo nalijua. Lakini msamaha ni wa Papa, si wangu. Wewe andikisha ombi, nami nitalifikisha kwa mkono wangu mwenyewe."

Basi kila Kwaresima Menica alikwenda kwa mzee Gaspare, mwandishi wa barua pale uwanja wa Campo de' Fiori, akaandikiwa ombi, akalitia mkononi mwa Kardinali. Na kila mara Kardinali alirudi akitikisa kichwa. "Baba Mtakatifu ni mgumu, mwanangu. Mgumu mno. Ila siku nitakapokaa mimi pale, sahihi yangu ya kwanza ni ya Nardo. Hata viatu sitakuwa nimevua." Akishasema hayo huuliza kuna nini cha jioni. Menica akaishika ahadi ile kwa mikono miwili. Alijiambia kwamba mtu huyu hana mlango mwingine wa kumwingilia ila tumbo, na akazidi kupika vizuri, mwaka hata mwaka, hata makardinali wengine wakawa wanajialika.

Sasa Papa amekufa, na wakati wenyewe ndio huu.

Kwa siku tisa za maombolezo, Menica hakuketi. Waheshimiwa wa kanzu nyekundu walikuja mmoja mmoja kula, na yeye akiwa nyuma ya pazia la jikoni aliwasikia wote. Huyu alitaka abasia, monasteri yenye mashamba yake. Yule alitaka mpwa wake apewe ngome. Wa tatu, mtu wa rozari ndefu na macho ya chini, hakutaka chochote kwa ajili yake; alitaka tu Kardinali fulani wa Napoli asipate kitu mpaka afe. Wakaapa, wakabusu msalaba wa kifuani, wakajipangusa mafuta midomoni. Walikuwa makardinali thelathini na sita, na ushindi ulitaka kura ishirini na nne. Roccalba alikwisha apiwa na ishirini na sita. Kasoro ilikuwa moja tu: walioapa kwake Jumatatu, Jumanne walikula kwa Kardinali Sanvito, mshindani wake, na huko nako msalaba ulikuwepo wa kubusu.

Siku moja kabla ya makardinali kufungiwa ndani Vatikani kumchagua Papa, Kardinali alimwita Menica chumba cha kulia. Alikuwepo pia Tiburzio, msimamizi wa nyumba, mtu wa Bologna, mji wa wasomi, mkavu, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwona akicheka mchana.

"Shida ni watu wa Roma," Tiburzio akasema. "Wakishasikia Mwadhama ameshinda, watakuja kuchukua kila kitu."

Ndiyo desturi. Kardinali akiwa Papa, nyumba yake inakuwa ya umma mpaka misumari, kwa kuwa mtu aliyepewa Vatikani ana haja gani tena na masufuria? Na huwezi kuhamisha vitu mapema. Anayehamisha mapema anajulikana siku hiyo hiyo kwamba anajiona Papa tayari, mji mzima unamcheka, na wapiga kura wananuna.

"Basi nipate habari kabla yao," Tiburzio akaendelea. "Nusu saa inanitosha. Lakini habari itatokaje? Wale maaskofu walinzi pale dirisha la chakula wanapasua kila kitu kinachoingia na kutoka. Uchaguzi uliopita walipasua hata tini."

"Hatuandiki neno," Kardinali akasema, akitabasamu kwa ujanja wake. "Kila siku Menica ataniletea pai ya njiwa. Kila siku nitarudisha chombo kitupu, kama kawaida yangu. Siku nikiwa na hakika na kura zangu, pai itarudi nzima. Haijaguswa."

Menica akamtazama. "Utaweza, Mwadhama?"

"Nitaweza nini?"

"Kuirudisha."

Kardinali akaweka mkono kifuani. "Kwa ajili ya Kanisa, Menica."

Wakafungiwa ndani. Kila siku, kabla ya saa sita, kikapu cha Roccalba chenye nembo ya familia kilibebwa barabarani na watumishi wawili, mbele yao mtu na fimbo ya fedha, kana kwamba ni masalio ya mtakatifu yanayopita na si njiwa wanne ndani ya unga. Ganda la pai ya Menica lilikuwa gumu, limezibwa kwa mafuta, la kukaa siku tatu bila kuharibika. Maaskofu walitoboa tundu dogo wakachungulia, wakaridhika, wakakizungusha ndani kwa lile kabati la kuzunguka lililojengwa ukutani. Na kila siku chombo kilirudi kitupu, kimepanguswa kwa mkate. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, ya nane. Pippo, fundi viatu wa ng'ambo ya njia, alizoea kuuliza, "Mzee bado ana njaa?" Nao watumishi humjibu kwamba bado.

Siku ya tisa, pai ilirudi nzima.

Tiburzio aliinua kitambaa, akakirudisha, akakiinua tena. Menica aliweka mkono juu ya ganda. Lilikuwa na tundu la maaskofu tu, basi. Akakaa juu ya pipa la unga na kulia kwa sauti, bila kuona aibu mbele ya watumishi, maana hakumwona tena Kardinali wala Papa. Alimwona Nardo akiingia kwa mlango wa uani na vumbi la chokaa kwenye nyusi.

"Utalia baadaye," Tiburzio akasema. "Fedha kwanza."

Hapo ndipo mtu huyu mwenye akili za Bologna alipofanya upumbavu wake. Alitoa mikokoteni mitatu kwa lango la nyuma, mchana kweupe, imejaa vinara, masinia, na mazulia ya ukutani, akaifunika kwa mashuka. Lango la nyuma lilitazamana na duka la Pippo.

"Mnahama?" Pippo akauliza.

"Tunapeleka nguo kufuliwa," Tiburzio akajibu.

Pippo akaangalia guu la kinara lililochomoza chini ya shuka. "Na hicho mtakianika wapi?"

Hakungoja jibu. Alivua aproni yake, akapita kwa jirani, na jirani akapita kwa mwingine. Mkokoteni wa kwanza ulikuwa haujafika kwenye kona njia ilipojaa watu, wote wakisema jambo moja: Roccalba ni Papa. Mikokoteni iliisha palepale. Kisha watu wakaingia ndani.

Heri Roma ingekuwa inaingia kanisani kwa bidii ile. Muuza samaki alibeba beseni la kuogea kichwani. Mtawa mmoja, mtu wa kiapo cha ufukara, alitoka na mito miwili ya hariri chini ya kanzu, tumbo limemtuna. Wanawake wawili walishikana juu ya pazia mpaka likapasuka, wakagawana, wakaondoka marafiki. Mtu mmoja aling'oa mlango wa chumba cha kulala, akashindwa kuupitisha kwenye mlango wa mbele, akaanza kuung'oa na huo. Na wote walikuwa na adabu zao: kila aliyempita Menica alimpa hongera.

Menica alikuwa amesimama jikoni, anacheka na kulia. Alikuwa akiwagawia mwenyewe. "Chukua hiyo sufuria, dada. Hiyo nyingine acha, imetoboka. Chukueni, chukueni, bwana wetu atapata nyingine." Pai tu ndiyo aliyoificha, chini ya ungo. Alikuwa amekwisha amua ni ya Nardo. Alifurahi kiasi kwamba hata Kardinali alimpenda kidogo, kwa muda ule.

Mzee Gaspare naye alikuja, fimbo mkononi, akipumua kwa shida. Hakutaka fedha wala mazulia. Mtu wa kalamu hutamani kitu kimoja tu, na katika chumba cha kazi cha Kardinali mlikuwa na kabati la karatasi nzuri ambazo yeye hangeweza kununua hata kumi. Watu walikuwa wamelivunja wakitafuta vito, wakamwaga makaratasi sakafuni. Gaspare akapiga magoti, akaanza kuchagua zile zilizoandikwa upande mmoja.

Baada ya muda alitokea jikoni, ameshika karatasi moja kwa ncha za vidole.

"Menica," akasema, "huu mwandiko ni wangu."

"Si ajabu. Umeandikia nusu ya mji."

"Hili ni ombi lako. La Kwaresima ya mwaka juzi." Akalisogeza karibu na dirisha. "Nisikilize. Hapa chini kuna maneno ambayo si yangu. Yamesema: iwe kama anavyoomba. Na hii ni sahihi ya Papa, marehemu. Na muhuri wake huu, gusa."

Menica hakujua kusoma, lakini aligusa. Nta ilikuwa ngumu, imepasuka pembeni.

"Soma tena," akasema.

Gaspare akasoma tena, kutoka juu mpaka chini, kelele za watu zikiwapita. Alipofika mwisho wa ombi sauti ikampungua, maana maneno yale ameyatunga yeye, kwa kudhani yatalainisha moyo: kwamba wakipata huruma hiyo, mume na mke watarudi milimani kwa ndugu zao, wala hawataisumbua tena Roma.

"Miaka miwili," Menica akasema.

"Miaka miwili na miezi, mwanangu. Nardo ni mtu huru tangu wakati huo."

Menica alimkuta Tiburzio katika ukumbi mtupu, amekumbatia kinara kimoja alichofanikiwa kukinyang'anya kwa mtu. Akamwonyesha karatasi. Tiburzio aliitambua kabla haijafunguliwa.

"Ulijua," Menica akasema.

"Niliambiwa niiweke. Mimi kazi yangu ni kuweka vitu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho, kwamba mtaondoka." Tiburzio alizungumza akiwa anakitazama kinara. "Mwadhama aliyasoma, akasema mume akirudi, mpishi anaondoka. Akasema tungoje kidogo, mpaka apatikane mwingine."

"Mlimtafuta huyo mwingine?"

"Tulijaribu wawili. Yule wa Ferrara alikuwa anatia mdalasini katika kila kitu."

Menica hakumpiga, ingawa kinara kilikuwa karibu. Alirudi jikoni akashika ukingo wa meza ile aliyokandia unga miaka kumi na minne. Alikuwa anahesabu, si pesa, bali pai. Kila moja aliyoioka akijiambia kwamba hii ndiyo itakayomlainisha. Jinsi alivyokuwa akiamka mapema kuchagua njiwa wachanga. Jinsi alivyofurahi chombo kilipopanguswa kwa mkate. Laiti angekuwa mpishi mbaya, laiti angeunguza tu, mara mbili kwa wiki, Nardo angekuwa nyumbani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, aibu ambayo haikuwa yake, na bado ilikuwa yake yeye kuibeba.

Kengele zikaanza kulia. Muda si mrefu mtu akaja mbio kutoka Vatikani na habari zenyewe. Papa amepatikana, naye si Roccalba. Wala si Sanvito. Ni Kardinali Sarteani, mzee wa miaka themanini, kiziwi, ambaye yasemekana alipoambiwa ameshinda alijibu kwamba ameshakula, asante. Asubuhi ile kura ishirini na sita za Roccalba zilikuwa zimebaki tisa, na za Sanvito saba, kwa kuwa kila aliyewauzia alikuwa ameuza tena kwingine. Walipoona hawawezi kuaminiana hata kwa dakika moja, waheshimiwa hao wakampigia kura mtu ambaye wote walikadiria hatafika Krismasi.

Watu waliokuwa ndani ya jumba walitazamana. Hakuna aliyerudisha hata kijiko. Wengine walikimbilia kwa Sarteani, wakakuta kitanda kimoja na paka.

Alasiri Kardinali Roccalba alirudi nyumbani kwake. Alipita penye mlango pasipo na mlango, akatembea juu ya sakafu tupu, nyayo zikiitika. Tiburzio akaanza kueleza habari ya pai, na Kardinali akamtazama bila kuelewa. Alikuwa amesahau. Asubuhi, kura zilipokimbia, hamu ya kula ilimtoka kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akaisukuma pai pembeni, na kikapu kikatoka. Habari ya ishara haikumpitia kichwani hata kidogo.

"Sijala tangu jana," ndilo neno alilosema. "Menica yuko wapi?"

Menica alikuwa jikoni, amejifunga shali ya safari, kikapu mkononi. Gaspare amekaa kando na bunda lake la karatasi.

"Mwanangu," Kardinali akasema, "nimepatwa na msiba mkubwa. Hakuna kitu cha kula?"

"Ipo ile pai."

"Basi ilete."

"Ina mwenyewe."

Kardinali akaiona karatasi iliyochomoza kifuani mwa Menica, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuwa macho. Kisha akarudi kwenye sauti yake ya upole. "Menica, karatasi hiyo imetiwa sahihi na mtu aliyekufa. Ukifika nayo Civitavecchia wataifungia samaki. Kaa. Kesho kutwa nitakwenda mwenyewe kwa Papa mpya."

"Hapana, nitakwenda mimi," Menica akasema. "Ni kiziwi, lakini nina sauti. Nitamwambia amri ya Papa ilikaa miaka miwili ndani ya kabati lako, na nitamwambia kwa nini. Nitasema mbele za watu wote, Mwadhama. Nitaanza na mdalasini."

Kardinali alifikiri. Sarteani alikuwa bado hajagawa cheo hata kimoja, na Roccalba alikuwa amebakiwa na sakafu. Akaomba karatasi amwandikie barua mkuu wa merikebu. Katika jumba zima haikuwepo. Gaspare akatoa moja kwenye bunda lake, akampa na kalamu, na kwa kuwa meza zilikuwa zimekwenda, Kardinali wa Kanisa aliandika akiwa amechuchumaa sakafuni, huku fundi viatu Pippo akimchungulia kupitia dirisha lisilo na pazia.

"Na mimi nitakula nini?" akauliza alipomaliza.

"Mwulize yule wa Ferrara," Menica akasema, akatoka.

Alifika Civitavecchia siku ya pili kwa mkokoteni wa mchukuzi wa chumvi. Mkuu wa merikebu alisoma barua, akasoma ombi, akaangalia tarehe.

"Hii ilikuwa wapi muda wote huu?"

"Jikoni," Menica akasema.

Wakamleta Nardo. Nywele zilikuwa nyeupe zote, mabega yamepinda mbele kama bado ameshika kasia, na alipofunguliwa mnyororo aliendelea kuuburuta mguu. Hakuketi ukutani mpaka askari alipomwambia aketi. Menica akamshika uso, wakakaa hivyo. Kisha akafungua kikapu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akapasua ganda la pai.

Nardo alikula polepole, mkono mmoja umekizungushia chombo ili mtu asikinyakue. Alikula mpaka nusu ndipo akasema.

"Nilikuwa nawaambia wenzangu. Mke wangu anampikia Kardinali, na hakuna anayepika kama yeye. Nikawaambia, mtaona, mikono ile ndiyo itakayonitoa hapa."

Menica alivuta shali, akaingiza mikono chini yake.

"Unaona baridi?" Nardo akauliza.

"Kidogo," akasema. Ilikuwa mwezi wa Mei, na jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. "Kula, mume wangu. Imalize."